Rili ya kurushia popa nzito baharini, bajeti shilingi 30,000: ninunue ipi?

BahariaShimoni

Salaam aleikum wanajamvi. Naombeni ushauri wa dhati kabla sijatoa hela kwa mara ya pili.

Mimi ni baharia kwenye boti ya ami yangu hapa Shimoni. Boti ya faiba, injini moja. Miaka yote tumevua kwa mshipi wa mkono na kwa kuburuta rapala nyuma ya boti, na kwa kazi hizo sina taabu. Ninachotaka sasa ni kurusha: nisimame omoni, nitupe popa (chambo bandia kinachoelea, chenye mdomo wa bakuli) ya gramu 120 kwenye ukingo wa mwamba, nje kabisa ya mipaka ya hifadhi ya Kisite, pale maji yanapogeuka kutoka kijani kuwa buluu ya kiza. Kolekole wapo. Wageni tuliowabeba Februari iliyopita walirusha hapo asubuhi moja tu, wakapandisha wawili, na tangu siku ile silali vizuri.

Nilinunua rili kwa tangazo la mtandaoni. Dragi, yaani breki ya uzi, kilo 25, beringi 14, saizi 8000, shilingi 6,500. Safari ya tatu kolekole akaipiga ile popa, maji yakaruka kama mtu ametupa jiwe la nanga. Uzi ukatoka vizuri kama sekunde kumi, halafu nikasikia kitu kama mchanga unasagwa, na mkono wa rili ukaanza kuzunguka kinyumenyume. Ulinipiga vifundo vya vidole mara nne au tano kabla sijauachia. Samaki akaingia mwambani. Popa, lida (kipande cha uzi mnene kinachotangulia chambo) na karibu mita sitini za uzi vikaenda naye.

Nyumbani niliifungua juu ya gazeti. Grisi imekuwa nyeusi, imechanganyika na unga wa kijivu unaong'aa, na kwenye gia kubwa meno sita yamelala upande mmoja kama nyasi zilizokanyagwa. Kuta za ndani ni plastiki iliyopakwa rangi ya chuma.

Sasa nina shilingi 30,000, nimezichanga tangu kusi ianze. Hizo ni za rili na uzi. Fimbo ninayo, ya uzi wa PE 5 hadi 8 (PE ni kipimo cha unene wa uzi wa kusuka). Nimekuwa nikisoma habari za Daiwa BG 8000, Penn Battle III 8000, Penn Spinfisher VI na Shimano Spheros SW. Zote watu wanazisifu, na zote kuna mtu amezilaani. Kaskazi ikiingia nataka niwe tayari. Nichukue ipi, na saizi gani?

---

MtuWaSur

Wa aleikum salaam ndugu yangu. Pole sana kwa vidole na kwa samaki.

Mimi niko Maskati, nyumbani Sur, na kila msimu wa baridi tunateremka Dhofar, Hasik na visiwa vya Hallaniyat, kuwafuata hao hao kolekole. Kule uzi wa PE 8 ndio wa kawaida, wengine wanapanda PE 10, kwa sababu samaki wa kilo 30 au 40 si hadithi na miamba ni wembe. Kwa hiyo nakwambia kwa macho yangu: kwa kolekole usipunguze saizi. Kwa Shimano anza na 14000, ukiweza 18000.

Jambo moja la kukusaidia usome maduka. Kwa Shimano zile herufi zina maana. PG ni gia ya nguvu, inakusanya uzi polepole lakini ni nyepesi kuzungusha samaki akiwa mzito. HG ni ya kasi, XG ni ya kasi zaidi. Watu wengi huku wanarushia 14000XG kwa vijiti vya kuogelea, vile visivyo na mdomo wa bakuli, kwa sababu unatakiwa uondoe ulegevu wa uzi haraka baada ya kila mvuto.

Na namba zisikudanganye. Kila kampuni ina namba zake. Penn 8500 na Shimano 14000 ni watu wa rika moja, ukiwaona kwa namba tu utadhani mmoja ni mtoto. Daiwa nao wamebadilisha: BG ya zamani ya 8000 ni rili kubwa hasa, lakini kwenye toleo la baadaye, BG MQ, saizi hiyo utaitafuta kwenye namba kubwa zaidi. Ukiagiza MQ 8000 ukidhani ni ile ile utaletewa kitu kidogo.

Ushauri wangu kwa hela yako: tafuta Saragosa SW iliyotumika, toleo lililotangulia lile la 2020. Mimi ninayo, nimeifanyia kazi misimu mingi, dragi yake bado laini.

---

MvuviMafia

Kaka Baharia, mimi napingana kidogo na ndugu yetu wa Oman, kwa heshima.

Kolekole wa Dhofar ni wa Dhofar. Mimi narusha huku Mafia, na kwa kila kolekole wa kilo 25 ninayemwona, nawapata wengi wa kilo tano, nane, kumi na mbili. Juu yao kuna nguru, kuna songoro, kuna mzia. Sasa hebu fikiria kazi yenyewe. Asubuhi moja unarusha mara mia na hamsini, mara mia mbili. Daiwa BG 8000 peke yake inapita gramu 800. Ongeza fimbo, ongeza popa. Saa nne asubuhi bega limekufa, na kolekole anakuja saa nne na robo ukiwa umekaa chini unakunywa maji.

BG 5000 ina gramu 620 hivi na dragi ya kilo 10. Uzi wa PE 4 au 5, popa ya gramu 60 hadi 80, unarusha mpaka adhuhuri. Nguru nimewatoa kwa hiyo na kolekole wa kilo 14. Hela inayobaki nunua uzi mzuri.

---

FundiMtwapa

Wanangu, salaam. Nimesoma yote. Mimi kazi yangu ni kutengeneza rili, Mtwapa hapa, mwaka wa kumi na tisa sasa. Za boti za wageni, za mabaharia, za wavulana wanaotupa jigi ufukweni. Sivui sana siku hizi kwa sababu ya mgongo, lakini kila rili iliyokufa inapita mezani kwangu, na rili iliyokufa haidanganyi.

Baharia, nianze na hiyo iliyokupiga vidole, maana ndani yake mna jibu lako. Zilivunjika vitu viwili. Cha kwanza ni mwili. Plastiki inapovutwa na samaki inapinda, huioni kwa macho lakini inapinda, na ikipinda gia mbili zinaachana kwa upana wa unywele. Meno hayakutani tena kwa shina, yanakutana kwa ncha. Ndiyo maana umeyakuta yamelala. Cha pili ni kile kibweta kinachozuia mkono usirudi nyuma. Ndani yake ni vijiti vidogo vya chuma vinavyojibana kwenye mhimili. Grisi ikikifikia, vijiti vinateleza badala ya kubana. Unga wa gia na grisi vilimwagika humo, basi mkono ukawa huru. Kama ungekuwa umekaza zaidi, ungevunja kidole.

Kwa hiyo mtu akikwambia beringi 14, muulize mwili ni wa nini. Beringi nne nzuri zinatosha. Nyingine kumi ni mlango mwingine wa kutu. Na kilo 25 za dragi, nakuomba uzisahau kabisa. Chukua mizani ya samaki, funga ncha ya uzi, mwenzako aishike, wewe simama na fimbo uvute. Kilo 8 utashangaa. Kilo 12 magoti yanatafuta pa kuegemea. Kilo 15 ukiwa umesimama omoni mawimbi yakija, utakwenda majini wewe. Uzi wa PE 6 unakatika karibu na kilo 36, na kanuni ya wazee wa kazi hii ni kuweka dragi kati ya robo na theluthi ya nguvu ya uzi. Robo ya 36 ni 9, theluthi ni 12. Rili yoyote kati ya hizo nne ulizotaja inafika hapo bila jasho.

Tena kuna jambo ambalo watu hawalifikirii. Dragi uliyoiweka spuli, pale uzi unapozungushiwa, ikiwa imejaa si ile utakayoikuta uzi ukiisha. Uzi unavyotoka, duara linapungua, na samaki anahitaji nguvu zaidi kuizungusha. Spuli ikibaki na nusu ya upana wake, kilo zako 10 zimekuwa 20. Mtu anasema "uzi mbovu umekatika". Uzi haukuwa mbovu. Hii ndiyo sababu ya kweli ya kununua rili yenye spuli pana, zaidi hata ya kubeba uzi mwingi. Kolekole hakimbii mita mia nne, anakimbilia pango lililo mita thelathini kutoka hapo. Unataka duara kubwa lisilopungua haraka.

Sasa majina. BG nazipokea nyingi kwa sababu zimeuzwa nyingi tangu 2016. Mwili ni alumini, mkono unaingia kwa skrubu moja kwa moja kwenye gia, hautikisiki. Mwanangu wa Mafia, sina ugomvi na 5000 kwa nguru. Ila kwa popa ya gramu 120 sitaki uiguse. Si kwa sababu ya samaki, kwa sababu ya kutupa. Uzito ule unaporuka, yule waya wa beli unaokamata uzi ukirudi kujifunga katikati ya mtupo, uzi unakatika kama risasi na popa inakwenda peke yake. Chemchemi ya beli ya rili ndogo haikuundwa kwa kazi hiyo. Na mjue kwamba BG 6500 na 8000 uzito wao haupishani sana, mwili wake ni ule ule, tofauti iko kwenye spuli. Kwa hiyo anayechukua 6500 ili apunguze uzito hajapunguza kitu.

Udhaifu wa BG niliouona mimi: haikuzibwa sana dhidi ya maji. Wimbi likiipiga, chumvi inaingia mwilini. Si dhambi kubwa kama unaifungua mara mbili kwa mwaka. Asiyefungua, ataniletea mimi ikiwa imeganda.

Battle III ya 2020 naipenda kwa gia zake za kuchongwa na kwa washa (visahani) za dragi za kaboni, ambazo zinavumilia joto na kusahauliwa. Nayo haikuzibwa sana. Spinfisher VI ya 2018 ni nzito, ina sili za kuzuia maji, ina alama ya IPX5 ya kuhimili maji ya kurushwa, na kwa mtu anayevua miambani akipigwa na mawimbi ndiyo ningempa. Slammer III na IV ziko juu yake, lakini bajeti yako haifiki ukiweka na uzi. Spheros SW ni laini kuliko zote hizo mkononi. Bei yake inakula hela ya uzi, na hapo ndipo ninaposimama.

Ndugu wa Sur, Saragosa iliyotumika ni wazo zuri ikiwa unaweza kuishika kwanza. Kupitia picha, hapana. Nimeletewa rili iliyong'arishwa nje, imefutwa kwa mafuta, na ndani beringi zote rangi ya kutu ya nazi. Anayenunua iliyotumika afanye hivi dukani: atoe spuli, ashike ule mhimili katikati auguse kama una kutu au mkwaruzo, azungushe mkono polepole sana sikio likiwa karibu na mwili, halafu ageuze mkono nyuma kwa ghafla mara ishirini. Ukipita hata mara moja, airudishe. Na zile zinazouzwa na sanduku jipya la kampuni kubwa kwa nusu ya bei, mwanangu, hilo sanduku ndilo kitu pekee cha kampuni hiyo.

Baharia, hesabu yangu: BG 8000 au Battle III 8000, yoyote utakayoipata kwa mtu unayeweza kumrudia. Theluthi ya hela, narudia, theluthi, iende kwenye uzi wa kusuka wa nyuzi nane, PE 6, mita 300. Kabla ya uzi wa kusuka weka mizunguko kadhaa ya nailoni chini, la sivyo uzi wote utazunguka kwenye spuli kama pete, utadhani dragi imekufa. Ujaze ukiwa umekazwa kweli, uzi upite kwenye kitambaa kilicholowa na mtu auvute upande wa pili. Uzi uliojazwa ulegelege unajizamisha ndani yake samaki akivuta, mtupo unaofuata unakwama, na hapo umepoteza popa bila kosa la rili.

---

BahariaShimoni

Mzee, shikamoo, na Mungu akuzidishie. Nimesoma mara tatu, mara ya pili nilimsomea ami. Amecheka sana kwenye kilo 15, anasema yeye alishamwona mgeni akienda majini kweli.

Ndugu MtuWaSur, kuhusu namba umeniokoa. Nilikuwa nakaribia kuagiza MQ 8000 nikidhani ndiyo hiyo. Kaka wa Mafia, nitaiweka akilini 5000 kwa ajili ya nguru Mungu akijalia.

Nimepata BG 8000 Mombasa, mtu ninayemjua. Shilingi 19,500. Imebaki 10,500. Swali la mwisho: baada ya safari naisafishaje? Wageni wetu walikuwa wanazichovya kwenye ndoo ya maji matamu.

---

FundiMtwapa

Marahaba mwanangu.

Ndoo hapana. Bomba la nguvu hapana pia, linasukuma chumvi ndani badala ya kuitoa. Kaza dragi mpaka mwisho ili maji yasiingie kwenye washa, mwagia maji matamu kama unamnawisha mtoto uso, zungusha mkono mara chache, futa, kisha legeza dragi kabisa na uiache hivyo hadi safari nyingine. Dragi iliyoachwa imekazwa miezi inaminya washa.

Kile kigurudumu kidogo kinachopitisha uzi kwenye beli, hicho kifungue kila mwezi. Beringi yake ndiyo ya kwanza kufa kwenye rili zote, za bei yoyote. Kikigoma kuzunguka, uzi mpya wa shilingi elfu kumi unasagwa juu ya chuma kilichosimama. Tone moja la mafuta mepesi linatosha. Kwenye kibweta cha kuzuia mkono usiweke grisi kamwe.

---

MvuviMafia

Naongeza moja tu kwa kaka Baharia: toa zile ndoana za matatu kwenye popa, weka ndoana moja moja, na ubonyeze kile kijino chake. Kolekole mkubwa ni wa kumrudisha, na ukimshika kwa ndoana moja unamwachia bila kumpasua mdomo. Vidole vyako navyo vitakushukuru.

---

BahariaShimoni

Nimerudi na habari, wiki ya pili ya Desemba.

Uzi tuliujaza mimi na ami ukumbini, yeye amevaa glavu, mimi nazungusha. Dragi tuliipima kwa mizani ya kuuzia samaki, kilo 9 kamili. Safari mbili za mwanzo hakuna kitu, bahari ilikuwa bado ina vurugu. Jana tulitoka alfajiri, maji yanajaa. Kama mtupo wa thelathini hivi, popa ilitoa mapovu mara mbili, mara ya tatu haikutoa kitu, ilitoweka tu. Nilidhani imekatika. Halafu fimbo ikalala mpaka ukingoni mwa boti.

Ile sauti ya mchanga niliisubiri. Haikuja. Uzi ulitoka, ukasimama, ukatoka tena kidogo, na mkono haukurudi hata nukta. Ami aligeuza boti kutoka mwambani bila mimi kumwambia. Dakika kama kumi na tano. Alikuwa mweusi mgongoni, na tulipomweka mizani kwa wavu alisoma kilo 21. Nilimshika mkiani ubavuni mwa boti mpaka alipojikwamua mwenyewe mkononi mwangu.

Mzee, nimeona jambo moja. Leo asubuhi nikiizungusha bila uzi kukazwa, kuna mguso mdogo sana kila mzunguko mmoja wa mkono, upande wa kulia. Si sauti, ni kama moyo unapiga. Jana wimbi moja liliipiga sawasawa. Nikuletee sasa au nisubiri?

---

FundiMtwapa

Hongera sana mwanangu, na hongera kwa kumwachia. Mguso mmoja kila mzunguko upande wa mkono, hiyo ni beringi ya gia kubwa, chumvi imeanza kukaa. Usiizungushe tena. Ilete Jumamosi kabla ya adhuhuri, ukiwa umeitoa uzi tayari.